Rejesho la Ijumaa na mwezi mpevu: kisa cha deni la nyumba moja ya Igombe

Jumamosi ya tarehe 11 Januari 2025, saa mbili usiku, simu yangu ilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulitaja jina la binamu yangu, ukamwita tapeli aliyekimbia na fedha za watu, ukanitaka mimi niliye mdhamini wake nihakikishe analipa kabla ya saa sita usiku. Sijawahi kumdhamini. Kulipokucha nikajua kwamba ujumbe ule ule umefika kwa baba mdogo kule Magu, kwa fundi pikipiki wa Igombe, na kwa mwalimu aliyemfundisha kijana huyo kidato cha nne.

Mimi ni mweka hazina wa SACCOS hapa mjini Mwanza, kwa hiyo mambo ya madeni si mageni kwangu. Lakini deni la mtu wa kwenu halifanani na deni lililo kwenye faili. Shangazi, mama yake binamu, na wanawe wamekubali niandike kisa hiki, majina nimeyaacha. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu nimechoka kusikia kwamba watu wanaingia kwenye mikopo kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, kwa kupenda anasa. Katika nyumba hii sikuona anasa. Niliona mkopo ambao siku zake za kulipa zilipangwa na mtu asiyejua dagaa huvuliwa lini.

Jumapili asubuhi nikampitia binamu Nyegezi, anakopanga chumba. Ana miaka 19, yuko mwaka wa kwanza chuoni. Alifungua mlango, akaniangalia, akasema tu, "Kaka, na wewe wamekutumia?" Tukapanda daladala hadi Igombe bila kuongea sana. Ilikuwa sikukuu ya Mapinduzi, na kesho yake mwezi ungekuwa mpevu, kwa hiyo nilijua shangazi tutamkuta nyumbani.

Asiyekulia ziwani pengine hajui hilo lina maana gani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Taa huelea juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, na mitumbwi hubaki imefungwa ufukweni. Basi kila mzunguko wa mwezi, wenye siku 29 na nusu hivi, una sehemu mbili: giza, ambalo lina siku kama 20 za kazi, na mbalamwezi, siku 9 au 10 za kukaa. Shangazi hununua dagaa wabichi kwa ndoo alfajiri pale mwaloni Igombe, mitumbwi inapotia nanga, anawaanika kwenye chanja zake sita, wakikauka anajaza magunia na kuyapeleka soko la Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi wanatoka hadi Kongo na Zambia. Wakati wa giza ana hela kila siku. Wakati wa mbalamwezi hana hata ya chumvi, isipokuwa aliyoiweka.

Tulimkuta anashona mifuko. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, leo umetukumbuka." Nikamweleza kilichonileta, kwa uangalifu, nikidhani nampa habari mbaya kuhusu mtoto wake. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa nailoni wenye karatasi ndani yake. Akaniwekea mapajani.

"Hizo ni zangu," akasema. "Za kwake sikuzijua."

Na kijana hakuzijua za mama yake.

Madeni yote mezani

Tulikaa sebuleni watu wanne: shangazi, binamu, mdogo wake wa kike anayesoma kidato cha tatu, na mimi. Shangazi alitaka binti atoke nje. "Haya ya watu wazima." Nikamwomba amwache. Binti ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, nikasema, tutamhitaji aandike. Ilikuwa sababu ya kweli, ila haikuwa yote. Nilitaka aone.

Aliandika hivi. Kampuni ya mikopo ya mtaani: marejesho 5 yaliyobaki ya 60,000, yaani 300,000, pamoja na faini mbili za 15,000, jumla 330,000. Mkopeshaji binafsi wa jirani: 260,000, na karatasi inayosema akishindwa jiko la gesi na televisheni vitachukuliwa. Programu nne za mikopo kwenye simu ya kijana: 310,000. Ile huduma ya mtandao wa simu ya kukukamilishia muamala salio likipungua: 38,000. Kikoba chake, kikundi cha wanawake wa mwaloni wanaoweka na kukopeshana: 150,000. Jumla 1,088,000.

Kwa mtu wa mshahara mkubwa hilo ni deni dogo. Shangazi akiondoa gharama zote za biashara, kwa giza zuri anabaki na faida ya 360,000. Chakula, maji na umeme vinakula kama 7,000 kwa siku, na mbalamwezi watu wanakula vilevile, kwa hiyo ni 210,000 kwa mwezi mzima. Inabaki 150,000. Hiyo 150,000 ndiyo namba iliyonifungua macho, na nitairudia mara nyingi.

Tulirudi nyuma. Mwaka 2024 katikati alikopa 300,000 kwenye kampuni ile, marejesho 30,000 kila Ijumaa kwa wiki 12. Akalipa zote bila kuchelewa. Wiki nne ni 120,000, na yeye ana 150,000 ya kuchezea. Wakati wa giza alikuwa anaweka kando ya kulipia Ijumaa za mbalamwezi. Alibana, ila alimaliza. Afisa mikopo akampongeza mbele ya kikundi na kumwambia sasa amepanda daraja, anastahili 600,000. Tarehe 8 Novemba akaichukua.

Hapo ndipo kosa lilipo. Marejesho sasa ni 60,000 kwa wiki, ambayo ni 240,000 kwa wiki nne, na faida yake haikuwa imeongezeka hata shilingi. Ingeongezekaje? Chanja ni zile zile sita na jua ni lile lile. Ukimpa shangazi mtaji maradufu hawezi kukausha dagaa maradufu, labda aongeze chanja na mtu wa kumsaidia kugeuza. Hakuna aliyemuuliza chanja zake ni ngapi. Walitazama kwamba ni mlipaji mzuri, wakampa mzigo usiobebeka kama tuzo. Mkopo ule haukuwa na uwezekano wa kulipika tangu siku aliposaini. Kila mwezi ulikuwa na pengo la 90,000.

Sehemu ya fedha hizo, 280,000, ilimnunulia kijana kompyuta mpakato iliyotumika, kwa ajili ya chuo. Alipolisikia hilo binamu aliinamisha kichwa na hakukiinua kwa muda mrefu.

Asilimia 20 ya nini?

Shangazi alijua riba ya mkopo wake: asilimia 20. Alikopa 600,000, anarudisha 720,000. Nikamuuliza binti wa kidato cha tatu kama hesabu hiyo ni sahihi. Akasema ndiyo, akaniandikia kanuni ya riba kama alivyoikariri darasani, kwa Kiingereza, bila kosa. Nikamuuliza tena: mama alishika shilingi ngapi mkononi?

Alishika 540,000. Ada ya fomu, bima na kile walichokiita usimamizi vilikatwa juu kwa juu, 60,000. Na rejesho la kwanza lilikuwa tarehe 15 Novemba, wiki moja tu baadaye, siku mwezi ulipokuwa mpevu. Alilitoa kwenye fedha zile zile za mkopo. Maana yake alikopeshwa fedha ili azirudishe wiki inayofuata, na riba yake akailipa.

Tukakokotoa pamoja. Tulianza na 540,000, tukaongeza asilimia 4.7, ambayo ni 25,380, tukatoa rejesho la 60,000, tukabaki na 505,380. Wiki ya pili vilevile. Tukaenda hivyo hadi wiki ya 12, ikabaki karibu sifuri. Kwa hiyo riba halisi aliyokuwa anailipa ni kama asilimia 4.7 kwa wiki. Ukiikusanya kwa wiki nne inafika takriban asilimia 20. Ile asilimia 20 aliyodhani ni ya miezi mitatu, kumbe ni ya mwezi mmoja. Sababu yake si uchawi: deni linapungua kila Ijumaa, lakini riba ilipangwa siku ya kwanza kana kwamba fedha yote itakaa mkononi mwake hadi mwisho.

Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, ambao wako chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa kiwango hicho, kikihesabiwa kwenye deni linalobaki, riba ya mkopo ule ingekuwa kama 30,000. Yeye alipangiwa 120,000, na ada ya 60,000 juu yake.

Binti alikaa akiitazama karatasi. Akasema shuleni wanapewa swali linaloanza na fedha uliyokopa, riba na muda, na namba zote zinakuwa zimeshaandikwa. Hawajawahi kuambiwa kuuliza ni ngapi ilifika mkononi. Naona hapo kuna somo zima ambalo vijana wetu wanalikosa. Hisabati wanayo. Wanakosa mkataba wa kweli wa kuifanyia mazoezi, tena kwa lugha wanayokopeshewa.

Za kijana

Tarehe 13 Desemba ilikuwa Ijumaa, siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Shangazi alikuwa na 2,000 ndani ya nyumba. Akampigia mwanawe: "Nisaidie 60,000, nimepungukiwa kidogo ya dagaa." Hakutaja rejesho. Kijana naye hakusema kwamba fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, lile boom, ilikuwa imeisha. Kuna programu aliyoonyeshwa na mwenzake. Akaijaza dakika kumi, ikaomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu, akaruhusu. Ikamwandikia mkopo wa 80,000, ikamtumia 58,000, na siku 7 baadaye inadai 80,000. Akamtumia mama 58,000 yote. Mama akaongeza 2,000 yake, akaenda kulipa.

Baada ya siku 7 hakuwa na 80,000. Akafungua programu ya pili ili alipe ya kwanza, kisha ya tatu kulipa ya pili. Hadi tunakaa pale sebuleni, mwezi mmoja tu, alikuwa amechukua mikopo 9. Tulizisoma meseji za miamala moja baada ya nyingine, binti akiandika zinazoingia upande mmoja na zinazotoka upande wa pili. Ziliingia 405,000. Zilitoka 330,000. Tofauti ni 75,000: 58,000 iliyokwenda kwa mama, na 17,000 aliyoiweka kwenye mkeka wa kubashiri mechi akitumaini itamtoa. Hayo ndiyo matumizi yote. Fedha nyingine zote zilipita mikononi mwake kutoka programu moja kwenda nyingine, na bado anadaiwa 310,000.

Alilia. Akasema alifikiri anamsaidia mama. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, na mimi nilifikiri nakuficha usome kwa amani."

Wakubwa wetu wanasema mficha uchi hazai. Katika nyumba hii siri mbili zililishana. Mama angesema fedha ni ya rejesho, kijana angesema sina, na deni lingebaki faini moja ya 15,000. Badala yake aibu ya Ijumaa moja ikazaa deni la laki tatu. Mama naye, alipokosa rejesho la tarehe 20 Desemba na kupigwa faini, akaenda kwa mkopeshaji binafsi kuchukua 200,000 kwa asilimia 30, alipe la tarehe 27 na Krismasi ipite.

Watu huniuliza kama kadi za mkopo za benki zingekuwa nafuu kwa vijana wa chuo. Wachache wanazo hapa kwetu, na namna zinavyonasa ni ile ile: unalipa kiasi kidogo, deni linabaki, riba inaendelea. Lakini Marekani, sheria yao ya kadi ya mwaka 2009 inaitaka benki iandike kwenye taarifa ya kila mwezi kwamba ukilipa kiwango cha chini tu utamaliza baada ya muda gani, na jumla utakuwa umetoa kiasi gani. Na aliye chini ya miaka 21 hapewi kadi bila kipato chake mwenyewe au mtu mzima wa kusaini naye. Binamu yangu ana 19. Alichohitaji ni simu yenye chaji.

Tulivyopanga

Nilichukua kalenda ya ukutani. Nikamwuliza shangazi giza linaanza lini, akazitaja tarehe za miezi minne bila kufikiri, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake. Binti akazipaka rangi kwa kalamu: giza kwa bluu, mbalamwezi akaziacha nyeupe. Kisha tukaweka alama kwenye Ijumaa zote. Ndipo shangazi mwenyewe akanyoosha kidole. "Hii nyeupe. Na hii. Hizi ndizo zinaniua." Ameishi na mwezi tangu utotoni. Hakuwahi kuuona pamoja na Ijumaa kwenye karatasi moja.

Kesho yake tulikwenda kwenye kampuni, mimi, yeye na mwenyekiti wa mtaa. Tuliomba nakala ya mkataba, ambayo hakuwahi kupewa. Tukaomba alipe ndani ya giza tu, 90,000 kwa kila giza. Meneja alikataa kwanza. Nikataja kwa heshima zile asilimia 3.5, na kwamba mteja asiyeridhika anaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa hapa Mwanza. Akatoka nje kupiga simu. Aliporudi alikubali ratiba mpya na kusimamisha faini kuanzia siku hiyo. Faini za nyuma na riba yenyewe hakuvigusa.

Mimi nilitaka twende mbele na malalamiko. Shangazi hakutaka. Tukiwa njiani akaniambia, "Mwanangu, wewe una mshahara. Mimi mwakani nikikwama nitakopa wapi?" Sikuwa na jibu zuri wakati ule na sina hadi leo. Haki iliyoandikwa kwenye kanuni anaijua sasa, lakini anaipima na mlango wa pekee aliofunguliwa.

Kikoba kilimwokoa. Ni wanawake 22 wa mwaloni, wote wa dagaa, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuwaeleza mbalamwezi ni nini. Wakamwongezea 300,000 kwa riba ya 30,000 kwa muda wote. Pamoja na ile 150,000 ya zamani ikawa 480,000, alipe 60,000 kwa giza, mara 8. Najua kukopa ili ulipe deni kunatisha, na mara nyingi nawakataza watu. Hapa nilikubali kwa sababu mbili zilizokuwa kwenye karatasi: mzigo wa riba ulishuka sana, na siku za kulipa zikaufuata mwezi. Bila hizo mbili ningemwambia aache.

Mkopeshaji binafsi alipoona fedha taslimu alikubali 240,000 badala ya 260,000, akaichana karatasi ya jiko na televisheni mbele yetu. Ile 38,000 ya mtandao tukaifuta. Katika zile 300,000 za kikoba ikabaki 22,000.

Programu zilitaka uangalifu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Binamu aliipitia, akakuta mbili kati ya zake nne zimo. Hizo mbili zilidai 190,000, ilhali katika fedha alizoshika kwao alikuwa hajarudisha 40,000 tu. Tukaamua kurudisha hiyo 40,000 na kuishia hapo. Zile mbili zenye leseni, zilizodai 120,000, zilikubali kulipwa kwa awamu mbili. Tuliandika pia malalamiko kuhusu zile meseji kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu namba zangu na za mwalimu wake zitumike kumdhalilisha mtu. Binamu aliandika barua hiyo mwenyewe. Niliisoma mara moja tu, sikubadilisha kitu.

Ile 22,000 ikaingia kwenye 40,000. Iliyobaki, 18,000 na 120,000, ilikuwa ya kijana. Boom likija la siku 60 ni 600,000, kwa 10,000 kwa siku. Akaacha kula kwa mama ntilie, akaanza kupika chumbani. Shangazi alitaka kumsaidia, nikamzuia. Labda nilikuwa mkali. Lakini niliona kijana anahitaji kulimaliza mwenyewe, alione linavyopungua.

Kuhusu kompyuta tulibishana. Mimi nilisema iuzwe. Shangazi akasema haitauzwa, hata akilala njaa. Bado naamini ingeuzwa mwezi ule tungepumua mapema, lakini haikuwa yangu.

Nilipokosea

Hesabu yangu ilikuwa 90,000 ya kampuni na 60,000 ya kikoba. Jumla 150,000, ile ile anayobaki nayo. Niliiona inalingana nikafurahi. Sikuacha hata shilingi elfu moja ya mvua.

Magiza mawili ya kwanza yalikwenda vizuri. La tatu lilianza kama tarehe 19 Machi, na masika nayo yakaingia. Dagaa wanataka jua kali wageuzwe wakauke siku hiyo hiyo. Wakinyeshewa wanageuka rangi, wananuka, na mnunuzi wa Kirumba hawagusi. Wanauzwa kwa watengeneza chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Giza lile shangazi alipata 190,000, chini hata ya fedha ya kula.

Aliyeliona mapema ni binti. Baada ya siku nane za mvua alinipigia: "Kaka, daftari linasema hatutafika." Alikuwa anaandika kila jioni ndoo zilizonunuliwa, magunia yaliyouzwa, na kilichobaki. Kwa sababu alilisema mapema, shangazi alikwenda kampuni siku 10 kabla ya kulipa, si siku 3 baada ya kushindwa. Walipokea 40,000 na kusogeza 50,000 mbele. Kikoba nacho kilimruhusu kuruka giza moja kwa faini ya 5,000. Kampuni ilimalizwa kwenye giza la tano badala ya la nne.

Tangu hapo tumebadili mpangilio. Kila siku ya giza, 2,000 inaingia kwenye kopo analolishika binti, na ni ya mvua tu. Wiki mbili za mwanzo shangazi aliliona kama mchezo wa watoto. Sasa humkumbusha binti asipoliulizia.

Nikiandika haya, Agosti 2025, kikoba kinadai 120,000, magiza mawili. Kijana alimaliza za kwake mwezi Aprili, programu zote nne akazifuta. Wenzake chumbani wakikwama wanamletea simu zao, naye anawauliza kwanza ni ngapi itafika mkononi na ni ngapi itarudi, kisha anagawanya mbele yao. Kikoba kimeanza kujaza fomu za mkopo wa halmashauri usio na riba, katika ile asilimia 4 ya mapato iliyotengwa kwa wanawake. Bado hawajajibiwa.

Wiki iliyopita yule afisa mikopo alipita mwaloni. Alimwambia shangazi jina lake bado liko kwenye orodha ya walipaji wazuri, na safari hii anaweza kupata hata 800,000. Shangazi alimwita binti aje na daftari. Binti akamuuliza yule afisa, akiwa amesimama na kalamu, kama marejesho yanaweza kuruka mbalamwezi. Akajibu kwamba utaratibu wao ni kila Ijumaa.

"Basi tukiongeza chanja tutakutafuta," shangazi akasema, akarudi kugeuza dagaa wake.